Sura ya Sita: Sukari na Hedhi Katika Daftari Moja

Wanawake wengi wanaochoma insulini wanazijua asubuhi za namna hii. Jana usiku mtu alikula ugali kiasi kile kile cha juzi, mboga ile ile, akachoma dozi ile ile kwa saa ile ile. Asubuhi mashine inasoma 13. Kesho yake 14. Keshokutwa 12.8. Anaacha chapati, anakunywa chai kavu bila sukari, anateremka kituo kimoja kabla ili atembee hadi nyumbani, na bado sukari haitaki kushuka. Halafu anaingia mwezini, na usiku wa kwanza au wa pili anaamka saa kumi alfajiri mwili umelowa jasho na mikono inatetemeka. Anapima: 3.1.

Siku ya kliniki daftari lake linafunguliwa, na anaulizwa alikula nini wiki ile. Akisema hakubadili chakula, anaonekana anaficha. Akisema labda alizidisha kidogo, anapewa somo la kujizuia. Anarudi nyumbani ameongezewa dozi ya kudumu kwa sababu ya wiki moja ya sukari kupanda, na dozi hiyo hiyo itamwangusha wiki inayofuata. Hakuna aliyemuuliza hedhi yake ilianza lini.

Sukari ya mwanamke anayepata hedhi hufuata kalenda ambayo chakula peke yake hakiwezi kuieleza. Anayeijua kalenda yake hujiandaa mapema. Asiyeijua hulaumiwa, hujilaumu, na wakati mwingine huponzwa na dozi iliyotolewa kwa nia njema. Ndiyo maana nasema daftari la sukari lisilo na tarehe za hedhi ni nusu ya daftari, na sura hii inahusu namna ya kulikamilisha.

Kinachotokea mwilini

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya kuona damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Wengi tumefundishwa kwamba ni siku 28, lakini kwa mwanamke mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Katika nusu ya kwanza, mayai hukomaa ndani ya ovari na homoni ya estrojeni hupanda taratibu. Katikati, yai moja hupevuka na kutoka. Baada ya hapo ovari huanza kutoa homoni nyingine kwa wingi, projesteroni, ambayo kazi yake ni kuandaa mji wa mimba. Yai lisiporutubishwa, homoni zote mbili hushuka na damu hutoka. Muda kati ya yai kutoka na hedhi kuanza ni kama wiki mbili.

Homoni hizi haziishii kwenye mji wa mimba. Zinasafiri katika damu mwili mzima, zinafika kwenye misuli, kwenye mafuta na kwenye ini, yaani mahali pale pale ambapo insulini hufanya kazi yake ya kuingiza sukari ndani ya chembe na kulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Kwa jumla, estrojeni husaidia mwili kuitikia insulini. Wiki ile projesteroni inapotawala, mwili wa wanawake wengi huwa mgumu kuiitikia. Dozi iliyotosha siku ya 5 ya mzunguko haitoshi siku ya 22, ingawa mtu ni yule yule na sahani ni ile ile.

Kwa mwanamke asiye na kisukari jambo hili hupita bila kuonekana. Kongosho lake huongeza insulini kidogo, sukari inabaki mahali pake, naye hajui lolote. Mwenye kisukari aina ya kwanza hana kongosho la kumsaidia. Insulini yake ni ile aliyoivuta kwenye sindano. Mwenye aina ya pili ana insulini, lakini mwili wake tayari una usugu, yaani ni mgumu kuiitikia, na projesteroni huongeza usugu juu ya usugu. Kwa hiyo sukari hupanda, mara nyingi katika siku tatu hadi saba kabla ya hedhi, na hujionyesha zaidi asubuhi kabla ya kula.

Hedhi inapoanza, projesteroni imekwisha kushuka na mwili unairudia insulini. Hapa ndipo hatari inapogeuka upande. Aliyeongeza dozi kupambana na wiki ya kupanda, akasahau kuirudisha, anajikuta na insulini nyingi kuliko mahitaji. Ndiyo ile saa kumi alfajiri na jasho lake.

Si wanawake wote, wala si miezi yote

Mwaka 1977 madaktari wawili wa Uingereza, Walsh na Malins, walichapisha katika jarida la British Medical Journal matokeo ya kuwauliza wanawake 200 wanaotumia insulini kuhusu sukari yao na hedhi. Zaidi ya theluthi walisema sukari yao hubadilika wakati wa hedhi. Madaktari hao walibaini pia kwamba hali ya hatari ya kisukari iitwayo ketoasidosisi, ambayo nitaieleza mbele, ilitokea karibu na hedhi mara nyingi kuliko walivyotarajia. Uchunguzi uliofuata, wa kupima namna mwili unavyoitikia insulini kabla na baada ya yai kutoka, ulionyesha jambo hilo hilo kwa sura nyingine: kuna wanawake ambao usugu wao hupanda waziwazi kabla ya hedhi, na kuna wenzao ambao hawabadiliki.

Basi usimwige jirani. Kama rafiki yako wa kliniki huongeza dozi kila anapokaribia mwezini, hiyo ni dawa ya mwili wake. Wapo ambao sukari yao haitikisiki mwezi mzima, na wapo wachache ambao hupanda siku za damu zenyewe badala ya kabla yake.

Tena mwili mmoja unaweza kubadilika kwa umri na kwa hali. Msichana aliyevunja ungo mwaka huu mara nyingi bado hapevushi yai kila mwezi, na pasipo yai kutoka hakuna projesteroni nyingi. Kwa hiyo hedhi zake za mwanzo huenda zisifuate mwenendo wowote. Wakati huo huo homoni za ukuaji zinaongeza mahitaji yake ya insulini kwa jumla, na mama hushangaa dozi ya mwanawe inavyopanda kila anaporefuka. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi naye huruka miezi, na sukari yake huyumba bila ratiba. Mwenye uvimbe mdogo mdogo mwingi kwenye ovari, hali inayoandamana sana na kisukari aina ya pili, anaweza kukaa miezi bila yai kupevuka. Njia za uzazi wa mpango zina sehemu yake pia: sindano ya miezi mitatu inaweza kuondoa hedhi kabisa na kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito na usugu wa insulini. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye kisukari aliyeathirika macho, figo au mishipa ya damu, wala aliyeishi na kisukari zaidi ya miaka 20. Anayetaka kupanga uzazi aseme mapema kwamba ana kisukari, na aulizie kitanzi au vipandikizi.

Daftari la miezi mitatu

Kabla ya kugusa dozi yoyote, mwanamke anahitaji kuujua mwenendo wake mwenyewe. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu mwezi mmoja unaweza kuharibiwa na malaria, msiba, mitihani au harusi ya siku tatu. Mizunguko mitatu huanza kusema kweli.

Chukua daftari la kawaida la shule. Chora mistari upate nafasi ya tarehe, siku ya mzunguko, sukari ya asubuhi kabla ya kula, sukari ya kabla ya kulala, dozi uliyotumia, na maelezo mafupi. Siku ya kwanza ya damu iandike namba 1, kesho yake 2, endelea hivyo mpaka damu ya mwezi unaofuata, kisha urudi tena 1. Kwenye maelezo andika maneno machache tu: chango, usingizi mbaya, hamu ya vitu vitamu, homa, nilitembea sana, nilisahau sindano. Maelezo haya ndiyo yatakayotenganisha sukari iliyopandishwa na hedhi na sukari iliyopandishwa na keki ya harusi.

Najua stripu ni ghali, na kwamba kushauriwa kupima mara saba kwa siku ni sawa na kutoshauriwa kitu kwa mtu ambaye kasha moja la stripu linashindana na nauli na unga. Mwenye stripu chache azipange kwa akili. Katika wiki ya kwanza na ya pili ya mzunguko, sukari ikiwa imetulia, apime mara chache. Stripu nyingine azitunze kwa siku zile saba kabla ya tarehe anayotarajia hedhi na siku tatu za mwanzo wa damu. Katika siku hizo apime asubuhi kabla ya kula na usiku kabla ya kulala, na angalau usiku mmoja, baada ya damu kuanza, aamke saa tisa apime. Vipimo vichache vilivyowekwa mahali pake hufundisha kuliko vingi vilivyotawanywa.

Miezi mitatu ikitimia, panga kurasa tatu za mizunguko mitatu kando kando. Tazama siku za mwisho kabla ya damu, kwa mfano siku ya 22, ya 23, ya 24, katika kila ukurasa. Kama sukari za asubuhi zimepanda katika kurasa zote tatu na kushuka mara baada ya namba 1, umepata mwenendo wako. Kama zimepanda katika ukurasa mmoja tu, tafuta sababu kwenye maelezo ya mwezi huo. Kwa watu wengi wazima shabaha ni sukari ya kati ya 4 na 7 kabla ya kula na isiyozidi 10 saa mbili baada ya kula, kwa kipimo cha mmol/L kinachotumika kwenye mashine nyingi za Afrika Mashariki. Daktari wako anaweza kukuwekea shabaha yako mwenyewe, hasa ukiwa mjamzito au ukiwa unashuka mara kwa mara.

Dozi inayopanda na kurudi

Daftari hilo lipeleke kliniki. Mwekee daktari au muuguzi mezani kurasa tatu zilizopangwa, na mazungumzo yatabadilika. Hapo hamuulizani tena nani alikula nini. Mnaangalia siku ya 22.

Kwa anayetumia insulini ya msingi ya usiku na ile ya haraka wakati wa kula, mabadiliko ambayo wataalamu hupendekeza huwa madogo, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya insulini ya msingi. Anayechoma yuniti 20 usiku ataongezewa mbili, pengine nne, kuanzia siku ambayo daftari lake linaonyesha sukari huanza kupanda. Kisha, siku ya kwanza ya damu, anarudi kwenye 20. Agizo la kurudi lina uzito kuliko agizo la kuongeza, nalo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: NIKIONA DAMU, NINARUDI KWENYE DOZI YA KAWAIDA. Wengine, ambao sukari yao huanza kuporomoka siku moja kabla ya damu, watashauriwa kurudi mapema zaidi.

Lakini wanawake wengi wa Tanzania na Kenya hawatumii mpango huo. Wanatumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa inayochomwa asubuhi na jioni, ambayo chupa moja ina insulini ya haraka na ya polepole pamoja. Huwezi kuongeza moja bila kuongeza nyingine. Ukipandisha dozi ya jioni ili asubuhi uamke vizuri, umepandisha pia ile ya haraka inayofanya kazi saa chache baada ya chakula cha usiku, na unaweza kushuka kabla hata hujaingia usingizini. Kwa hiyo anayetumia mchanganyiko asiongeze kwa kubahatisha. Aongezewe kidogo kidogo na mtaalamu, ale chakula chake cha usiku kwa wakati, apime kabla ya kulala, na asilale na sukari ya 5 bila kula kitu kidogo.

Wanaotumia vidonge hawahitaji kubadili dozi kila mwezi. Wao washike zaidi chakula na kutembea katika wiki ya kupanda. Anayetumia glibenclamide au gliclazide akumbuke kwamba dawa hizo zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi siku za damu, hasa kama chango limemkosesha hamu ya kula. Metformin peke yake kwa kawaida haimfikishi mtu huko.

Hamu, chango na dawa za maumivu

Katika wiki ya kabla ya hedhi njaa huongezeka. Mtu aliyeshiba saa mbili usiku anatafuta mandazi saa nne. Hamu hiyo inatoka kwenye mwili uleule unaobadilika. Kuipiga vita kwa njaa ya kujitesa huishia kwenye kula kwa pupa. Inafaa kuipangia. Kunde, maharage, choroko, mayai, karanga na samaki hushibisha muda mrefu na hupandisha sukari polepole. Ugali wa dona hukaa tumboni kuliko wa sembe. Wali, ndizi na viazi vinaweza kubaki mezani kwa kipimo kidogo, mboga zikiongezwa. Chai ya jioni inywewe bila sukari au na maziwa tu. Na nusu saa ya kutembea baada ya chakula cha jioni huishusha sukari ya mwenye usugu kwa namna ambayo unaweza kuiona kwenye mashine yako usiku huo huo.

Chango likianza, wengi huacha kula, huacha kutembea, na wengine huacha sindano. Ukishindwa kula chakula kizima, kunywa uji mwepesi au supu kidogo kidogo. Insulini ya msingi isiachwe hata siku moja. Chupa ya maji ya moto tumboni husaidia. Dawa kama ibuprofen, diclofenac na mefenamic acid hupunguza chango vizuri, lakini mtu ambaye figo zake zimeanza kuguswa na kisukari asizinunue dukani bila kuuliza. Paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi kwake.

Sukari ya juu kabla ya hedhi huleta pia fangasi za ukeni, muwasho na uchafu mweupe mzito. Mwanamke anayetibiwa fangasi kila mwezi na kila mwezi zinarudi, apimwe sukari. Wapo wengine waliogundulika kuwa na kisukari kwa njia hiyo.

Maumivu yanayofanana

Naomba sehemu hii isomwe na mama, dada, mume na matroni wa bweni pia, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kujisemea.

Ketoasidosisi hutokea insulini inapopungua mno mwilini. Mwili hushindwa kutumia sukari, huanza kuchoma mafuta, na mafuta hayo hutoa asidi ziitwazo ketoni. Dalili zake ni kiu kali, mkojo mwingi, kutapika, uchovu mkubwa, na maumivu ya tumbo. Sasa mfikirie binti wa miaka 16 mwenye kisukari aina ya kwanza, yuko mwezini, amelala kitandani analia tumbo. Kila mtu atasema ni chango. Atapewa dawa ya maumivu na kufunikwa kanga, na saa zinakwenda. Pima sukari. Ikizidi 14 naye anatapika au tumbo linamuuma, apimwe ketoni kwenye mkojo kama kipimo kipo, na zikionekana, au kipimo kisipokuwepo, apelekwe hospitali. Akianza kuhema kwa nguvu na kwa kina, pumzi yake ikanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au akaanza kusinzia, hakuna kungoja kukuche. Chango halimfanyi mtu aheme hivyo.

Kosa la pili ni la upande wa chini. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mtu hutetemeka, hutokwa jasho, moyo humdunda, na mara nyingi huwa mkali bila sababu. Mwanamke aliye mwezini akifoka, watu humwacha: "Mwacheni, yuko kwenye siku zake." Wakati mwingine anachohitaji ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Apewe, asubiri dakika 15, apime tena. Ikiwa bado iko chini, arudie. Sukari ikipanda, ale kitu kama kipande cha mkate au ndizi. Akiwa amezimia, asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.

Mwezini ndani ya Ramadhani

Pwani na visiwani, na popote wanapoishi Waislamu, kuna mwezi mmoja wa mwaka ambapo kalenda mbili hukutana. Mwanamke anayefunga kwa ruhusa ya daktari wake huwa amebadilishiwa dozi: kubwa wakati wa futari, ndogo wakati wa daku. Kisha hedhi inaanza tarehe 12 ya Ramadhani, na kwa sheria ya dini hafungi tena mpaka atwaharike.

Wengi huendelea na dozi za funga huku hawafungi. Na wengi, kwa kuona haya mbele ya watoto, wakwe na wageni, hula kwa kujificha: kikombe cha chai jikoni, tende mbili, basi mpaka magharibi. Mwili unairudia insulini siku hizo hizo, chakula ni kidogo, na dozi ni ya mtu anayekula futari ya nguvu. Sukari itashuka. Sheria imempa nafasi ya kula mchana. Ale chakula kamili, kwa saa zake za kawaida, na arudi kwenye dozi za siku zisizo za funga kama alivyoelekezwa. Mazungumzo hayo na daktari yafanyike wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, na swali la hedhi liwemo ndani yake. Anapolipa siku zake baadaye, azipange katika siku zile za mzunguko ambazo daftari linaonyesha sukari yake imetulia. Wapo pia ambao madaktari watawashauri wasifunge kabisa, na dini imewapa mgonjwa na msafiri udhuru wao.

Kipimo cha miezi mitatu na damu inayotoka

Kipimo kiitwacho HbA1c hueleza wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, kwa kuangalia sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku zipatazo 120. Ni kipimo kizuri, lakini kwa mwanamke anayetokwa na damu nyingi kinaweza kusema isivyo. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kukipandisha ingawa sukari haijapanda. Akitibiwa upungufu huo, au akiwa amepoteza damu nyingi karibuni au kuongezewa damu, chembe mpya zinakuwa nyingi na kipimo kinashuka. Anayerithi chembe za selimundu, hata asiyeumwa, naye anaweza kupewa namba isiyo sahihi na baadhi ya mashine. Kwa hiyo mwambie daktari kama unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, kama damu inatoka na mabonge, au kama inazidi siku saba. Apime wingi wa damu yako pamoja na sukari.

Wastani una udhaifu mwingine. Mwanamke anayepanda hadi 14 wiki moja na kushuka hadi 3 wiki inayofuata anaweza kupata HbA1c inayompendeza kila mtu. Namba moja imeficha wiki mbili za taabu. Daftari lenye tarehe za hedhi haliwezi kuzificha.

Kwa walio upande wa pili wa meza

Wauguzi na madaktari wa kliniki za kisukari wamebeba mzigo mkubwa, wagonjwa ni wengi na dakika ni chache. Ninachowaomba hakihitaji bajeti wala mashine. Kwenye kadi ya kila mwanamke na kila msichana aliyevunja ungo, ongezeni mstari mmoja: tarehe ya kwanza ya hedhi iliyopita. Muulizeni kama mnavyomuuliza mjamzito, bila haya, kila anapokuja. Kabla ya kupandisha dozi ya kudumu, tazameni kama sukari zilizopanda ziko ndani ya wiki moja ya kabla ya hedhi.

Wazazi na walimu wa bweni, binti mwenye kisukari ahakikishiwe kwamba anaweza kuamsha mtu usiku. Insulini yake isifungiwe ofisini ambako ufunguo hulala kwa mtu aliye mbali, na awe na sukari ndani ya mkoba wake na chini ya mto wake. Waume na kaka, jueni dalili za kushuka na mahali glukosi au sukari inapowekwa. Mwenye kuona haya kuzungumzia hedhi ndani ya nyumba yake mwenyewe atachelewa siku atakapohitajika.

Na wewe dada unayesoma, sukari iliyopanda wiki ya mwisho ya mwezi wako si ushahidi kwamba umeshindwa. Ni habari kuhusu mwili wako, na habari huandikwa. Usibadili dozi leo. Chukua daftari, andika tarehe ya hedhi yako iliyopita, uhesabu leo ni siku ya ngapi, na uanze hapo. Baada ya mizunguko mitatu lipeleke kliniki, ulifungue mwenyewe mezani, na uwe wa kwanza kusema.